Kipuri Kisichopatikana Dukani

Trekta halili majani wala halilali zizini, lakini nalo huugua kama ng'ombe wa kulimia. Aghalabu ugonjwa wake si mkubwa. Injini ni nzima, magurudumu ni mazima, na plau ina makali. Ila pini moja imekatika, au bushi imelika, au gia moja imepoteza meno mawili. Kwa ajili ya kipande cha chuma kiwezacho kushikwa kwa mkono mmoja, trekta zima lasimama kando ya shamba. Nayo mvua haimngoji mtu. Katika nchi yetu ya pwani, tangu Temeke na Mbagala hata Mkuranga na Rufiji, masika huanza mwezi wa Machi na kwisha mwezi wa Mei. Mkulima achelewaye kulima huchelewa kupanda, na mazao yake hukutwa na jua kabla ya kukomaa.

Mwenye trekta jipya huenda dukani akanunua kipuri, au spea kama wengi wasemavyo. Lakini mwenye trekta la miaka 50 au 60 huambiwa, "Hiyo haipo tena." Hapo watu hushika njia mbili. Wa kwanza huliacha trekta chini ya mwembe, kuku wakatagia ndani ya kiti chake. Wa pili humwendea fundi yeyote na kumwambia, "Nichongee kama hiki," naye hupewa kitu kifananacho kwa macho, kisha huvunjika siku ya tatu. Yote mawili ni hasara.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo tutakayoieleza hapa. Wakulima wenzangu, likumbukeni neno hili moja: kipande kipya sharti kilingane na cha kale kwa mambo matatu, yaani kipimo, chuma na kazi. Kilicholingana kwa umbo peke yake hakijalingana.

FUNZO LA KONGWA

Nchi hii ilikwisha kupata funzo la vipuri kwa gharama kubwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilikubali shauri la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, hasa Tanganyika, nalo lilikusudia eka 3,210,000 kwa muda wa miaka sita. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni tu, na viwanda havikuweza kutoa matrekta mapya ya kutosha. Kwa hiyo yalinunuliwa masalio ya majeshi, mengine kutoka Ufilipino, yakashushwa katika bandari ya Dar es Salaam na kupelekwa bara. Hata vifaru vya vita vya namna ya Sherman viligeuzwa na kiwanda cha Vickers-Armstrongs kuwa matrekta, yakaitwa Shervick.

Mashine hizo zilikuwa za namna nyingi, na nyingi zilikwisha kuchoka kabla hazijafika. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi huwa mgumu mno, na mchanga wake hula vyuma. Matrekta mengi yakasimama kwa kukosa vipuri na mafundi. Mwezi wa Januari 1951 mradi ukaachwa, baada ya kutumika zaidi ya pauni milioni 30. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, kama vile uchache wa mvua na haraka ya wenye shauri. Lakini mojawapo ilikuwa hii, kwamba mashine zilitangulia na vipuri vikafuata nyuma.

Mkulima mdogo hana milioni za kupoteza. Basi yampasa kufikiri habari za vipuri kabla trekta halijasimama.

TAFUTA KWANZA JAMAA ZA TREKTA LAKO

Kabla ya kuchongesha kitu, hakikisha kwamba kweli hakipatikani. Matrekta yana ukoo kama watu. Trekta la Ferguson TE20 lilitengenezwa Coventry katika Uingereza tangu mwaka 1946 hata 1956, nayo yalitoka zaidi ya 500,000. Baadaye likaja Massey Ferguson 35, na mwaka 1964 likatokea Massey Ferguson 135, ambalo wakulima wengi wa Afrika ya Mashariki walijua vema. Viwanda vya nchi nyingine vilipewa ruhusa ya kutengeneza matrekta ya ukoo huo: TAFE katika India, Millat katika Pakistan, na IMT katika Yugoslavia. Kwa hiyo kipuri ambacho Uingereza wamekwisha kukiacha huenda chatengenezwa hata leo katika India au Pakistan. Duka la kwanza likisema hakuna, usirudi nyumbani. Taja jina la jamaa yake.

Vivyo hivyo Valmet ya Finland, matrekta yaliyokuwa yakiunganishwa Kibaha katika miaka ya 1980. Jina la Valmet halitumiki tena kwa matrekta mapya, lakini mrithi wake ni Valtra, na kwa jina hilo yafaa kuulizia.

Tena, mambo ya injini ulizia kwa jina la injini, usiulizie kwa jina la trekta. Massey Ferguson 135 nyingi zina injini ya Perkins ya silinda tatu, iitwayo 3.152, tarakimu 3 ni hesabu ya silinda, na 152 ni ujazo wake kwa inchi. Mwuza vipuri asiyejua trekta lako huenda aijua injini hiyo.

Beringi nazo hazina haja ya kuigwa. Nyingi zimechorwa namba pembeni, na namba ile ni moja duniani kote. Beringi ya 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje wa milimita 52, na unene wa milimita 15, iwe imetoka Ujerumani, Japani au China. Safisha beringi ya zamani kwa mafuta ya taa, soma namba, ukanunue. Oili sili nayo hununuliwa kwa vipimo vitatu: tundu la ndani, duara la nje, na unene. Watu wengi wamelaza trekta miezi kwa kutafuta "sili ya Ferguson", na kumbe sili ya vipimo hivyo ilikuwa rafuni katika duka la vipuri vya malori.

USITUPE KIPANDE KILICHOVUNJIKA

Ukiisha kutafuta na kukosa, ndipo uanze kazi ya kuiga. Kipande kilichovunjika ni barua iliyoandikwa na kiwanda. Atupaye barua hiyo ameitupa habari yote. Okota vipande vyote hata vidogo, vioshe kwa mafuta ya taa, vifunge katika kitambaa, na uandike vilitoka upande gani wa trekta. Usiviuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wala usivichomelee pamoja kabla ya kuvipima, kwani moto hupinda chuma na kuharibu vipimo.

Chukua pia mwenzake. Pini iende kwa fundi pamoja na bushi yake, na gia iende pamoja na gia inayosagana nayo. Fundi aliyeona mmoja tu ni kama mshonaji aliyepewa kipimo cha mkono mmoja.

Kisha jiulize, kwa nini kimevunjika? Tazama mahali palipokatika. Ukiona sehemu moja laini yenye mistari kama ya kombe la pwani, na sehemu nyingine yenye chembe mbichi, ujue kwamba ufa ulianza zamani ukaendelea polepole, mpaka siku moja kile kilichobaki kikashindwa. Pote pakiwa na chembe mbichi, ni pigo la ghafula, kama vile plau kunasa katika kisiki. Chuma kikiwa na rangi ya samawati na mikwaruzo, kimekosa grisi. Sababu isipoondolewa, kipande kipya nacho kitakufa kwa maradhi yale yale, hata kama fundi ni hodari.

KUPIMA

Pima mahali pasipolika. Pini iliyolika katikati huwa bado nzima kwenye ncha au chini ya kichwa. Hapo ndipo penye kipimo cha kweli. Tumia kalipa ya chuma; utepe wa fundi cherehani haufai kwa kazi hii.

Kumbuka kwamba matrekta ya kale ya Uingereza na Marekani yalipimwa kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Basi kalipa ikikuonyesha milimita 25.3 katika pini ya zamani, usimwambie fundi akate 25. Huenda ilikuwa inchi moja kamili, nayo imelika kidogo. Pini ya 25 katika tundu la 25.4 itacheza tangu siku ya kwanza, na kila mchezo hupanua tundu.

Lakini haifai kubana mno. Pini izungukayo ndani ya bushi yahitaji nafasi ndogo ya kupitisha grisi. Kwa pini ya inchi moja, nafasi ya karibu sehemu moja ya kumi ya milimita yatosha, yaani unene wa karatasi moja ya daftari. Pasipo nafasi pini hushika moto. Nafasi ikizidi hugonga.

Jambo lipotezalo watu wengi ni hesi, yaani nyuzi za bolti na nati. Bolti mbili za nusu inchi zaweza kufanana kwa macho na zisiwe ndugu. Ile ya Whitworth, namna ya kale ya Kiingereza, ina nyuzi 12 katika kila inchi, na pembe ya uzi ni digrii 55. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana kutumia namna moja, yenye pembe ya digrii 60. Bolti yake ya nusu inchi ina nyuzi 13 kwa inchi ikiwa ya uzi mnene, au 20 ikiwa ya uzi mwembamba. Matrekta ya zama zile huweza kuwa na namna zaidi ya moja katika mwili mmoja. Nati ya moja huingia katika bolti ya nyingine mizunguko michache, kisha hukwama. Mtu mwenye nguvu huongeza spana ndefu, na hapo huharibu zote mbili. Hesabu nyuzi katika inchi moja kabla ya kununua au kuchongesha.

Shafti ya nyuma izungushayo mashine nayo ina fumbo lake. Katika Ferguson TE20 unene wake ni inchi moja na sehemu moja ya nane. Katika matrekta ya baadaye kipimo kilichoenea ni inchi moja na sehemu tatu za nane. Zote zina meno sita. Mtu akihesabu meno asipime unene, atachongesha kiungo kisichoingia.

Gia ya meno yaliyonyoka yaweza kujaribiwa kwa hesabu rahisi. Hesabu meno, ongeza mbili, kisha gawanya kwa upana wa nje kwa inchi. Gia ya meno 30 yenye upana wa inchi 4 hutoa 32 kwa 4, yaani 8. Hiyo ni namba ya jino lake. Kwa gia za milimita, gawanya upana wa nje kwa meno yaliyoongezwa mbili: milimita 96 kwa 32 ni 3. Jibu likiwa si namba safi, huenda umepima mahali palipolika, au gia ile ni ya namna nyingine. Mwachie fundi mwenye ujuzi wa gia. Usikubali neno "karibu". Meno yaliyo karibu kulingana husagana mpaka yakaisha, nayo huua gia nzima iliyokuwa upande wa pili.

KUJUA CHUMA

Vyuma vyote si kimoja. Yako majaribio machache ambayo mkulima aweza kuyafanya mwenyewe.

Kwanza, sumaku. Isiposhika, aghalabu si chuma wala si pua. Huenda ni shaba au aluminiamu. Bushi nyingi ni za shaba, maana shaba huvumilia msuguano, nayo hukubali kulika kwanza ili pini ya thamani isalimike. Afanyaye bushi kwa chuma kama cha pini amepanga adui wawili katika nyumba moja.

Pili, tupa. Tupa ikiteleza juu ya kipande bila kula, ngozi yake imetiwa ugumu. Gia na pini nyingi huwa hivyo: ngozi ngumu isilike, na moyo laini usivunjike.

Tatu, cheche. Gusisha kipande katika jiwe la kusagia lizungukalo, nawe umevaa miwani ya kukinga macho. Chuma laini hutoa cheche ndefu za manjano. Pua yenye kaboni nyingi hutoa cheche zenye kupasuka kama nyota. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu. Tena chuma cha kusubu kikivunjika huonyesha uso wa kijivu, na unga wake huchafua vidole kama risasi ya kalamu.

Fundi asiyeulizwa huchukua chuma kilicho karibu. Pini ya plau iliyochongwa kwa nondo ya kujengea hupindika. Pini iliyochongwa kwa chuma cha springi za gari, ikatumbukizwa majini ikiwa nyekundu na kuachwa hivyo, huwa ngumu lakini hukatika kama kigae. Chuma kizuri cha pini na shafti ndogo mara nyingi hupatikana katika shafti kuukuu za magurudumu ya malori, maana zilifanywa kwa pua ya kustahimili kusokotwa. Chagua isiyo na ufa.

Pua ya namna hiyo ikihitaji kutiwa ugumu, huchomwa mpaka sumaku isiishike tena, kisha hutumbukizwa katika mafuta. Lakini kazi haijaisha hapo. Sharti ipashwe moto tena polepole mpaka itoke rangi: rangi ya majani makavu kwa kitu kitakiwacho kuwa kigumu, na samawati kwa kitu kitakiwacho kuvumilia mapigo. Fundi arukaye moto huu wa pili ametengeneza kitu cha kuvunjika.

Angalia na pembe za ndani. Mahali ambapo shafti nene hugeuka kuwa nyembamba, kiwanda huacha mviringo mdogo. Fundi mwenye haraka hukata pembe kali, kwa kuwa yapendeza macho. Katika pembe hiyo kali ndipo ufa huanzia. Mwambie aache mviringo kama ule wa kwanza.

KUSUBU

Vipande vingine havikuchongwa, vilisubiwa: puli, vifuniko, bomba la kutolea moshi, na nyumba ya pampu ya maji. Watu wengi hudhani yatosha kukandamiza kipande cha zamani katika mchanga na kumimina chuma. Sivyo. Chuma kikipoa husinyaa. Chuma cha kusubu husinyaa karibu sehemu moja ya nane ya inchi kwa kila futi moja, na shaba zaidi ya hapo. Puli ya inchi 12 iliyoigwa hivyo itatoka pungufu kwa sehemu moja ya nane ya inchi, na matundu yake ya bolti hayatakutana na ya trekta. Kwa hiyo kielelezo cha mti sharti kizidi ukubwa, na mahali patakapochongwa na mashine paongezwe milimita kama 3. Siku hizi iko pia mashine ichapayo umbo la plastiki kwa vipimo vya kompyuta, nayo yafaa kwa kufanyia kielelezo; lakini plastiki ile ni kielelezo tu, si kipuri cha kubeba mzigo.

Mafundi wasubuo sufuria wanajua aluminiamu, nayo huyeyuka kwenye digrii 660 za sentigredi. Chuma cha kusubu chataka moto wa digrii zaidi ya 1,100, na kwa hiyo chataka tanuru ya kazi hiyo. Usikubali bomba la moshi la aluminiamu badala ya la chuma. Joto la moshi wa injini yenye mzigo litaliharibu.

Ikiwa kipande cha chuma cha kusubu kina ufa tu, huenda chaweza kuchomelewa. Hupashwa moto chote kwanza, huchomelewa kwa vijiti vya nikeli au kwa shaba, kisha hufukiwa katika majivu makavu kipoe polepole hata kesho yake. Kikipozwa kwa maji, kitapasuka mahali pengine.

KUPATANA NA FUNDI

Sisi wa Temeke tuna bahati ya kuwa karibu na mafundi. Chang'ombe kuna chuo cha VETA kifundishacho ufundi wa vyuma, na ng'ambo ya pili, Gerezani, mafundi wa vyuma wamekaa pamoja miaka mingi. Shirika la SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, kazi yake ni kusaidia viwanda vidogo, nalo laweza kumwelekeza mtu kwa karakana ifaayo. Hata mkulima wa Mkuranga aweza kwenda na kurudi siku moja.

Usiende na maneno matupu. Nenda na kipande, mwenzake, na karatasi yenye mchoro na vipimo. Kisha sema naye kwa heshima na kwa wazi, namna hii:

"Habari za kazi, fundi. Hii ni pini ya kiungo cha chini cha trekta. Imekatika katikati, lakini hapa kichwani ni nzima. Tafadhali pima hapa. Tupa haiili ngozi yake. Utatumia chuma gani?"

"Mzee, ninayo shafti ya lori. Nitakereza, kisha nitaitia ugumu."

"Vema. Na baada ya kuitumbukiza katika mafuta, utaipasha moto wa pili?"

"Nitaipasha mpaka itoke samawati."

"Basi andika hapa, nami nitalipa nusu leo na nusu nikiisha kuijaribu katika trekta."

Fundi mwema hachukizwi na maswali hayo. Hufurahi kupata mtu ajuaye atakacho. Fundi akasirikaye kwa kuulizwa juu ya chuma chake, muage kwa adabu uende kwa mwingine.

VIPURI VISIVYOFAA KUIGWA

Hapa nawasihi wenzangu wasikilize. Viko vipande ambavyo havifai kuigwa kando ya barabara, hata kama trekta litalala msimu mzima.

Usiige viungo vya usukani, mikono ya magurudumu ya mbele, wala vyuma vya breki. Pini ya plau ikikatika, plau hulala mtaroni. Kiungo cha usukani kikikatika katika barabara ya Kilwa, trekta lina trela nyuma na watu wapita pande zote mbili, atakayelala ni mtu. Vitu hivyo vinunuliwe, au vitolewe katika trekta jingine la namna ile ile, navyo vikaguliwe kwanza.

Usiige sehemu za ndani za pampu ya dizeli wala za nozeli. Nafasi iliyo kati ya pistoni ndogo ya pampu na nyumba yake ni kama sehemu mbili au tatu za elfu za milimita. Hakuna kalipa ya karakana ndogo iwezayo kuipima.

Kiungo cha kuvutia mzigo chaweza kutengenezwa, lakini kimo chake kisibadilishwe. Mtu akikiinua juu kuliko ekseli ya nyuma, trekta likivuta gogo zito laweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma. Jambo hilo hutokea upesi kuliko mguu uwezavyo kufika kwenye klachi.

Kifuniko cha shafti izungukayo si pambo. Kikipotea, hicho chaweza kutengenezwa kwa bati nene na fundi yeyote, na ni kipuri cha kwanza kinachostahili fedha zako. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Ikishika nguo, hakuna awezaye kujinasua.

GHARAMA NA USHIRIKA

Kipande kimoja cha kuchongwa aghalabu ni ghali kuliko cha kiwandani, kwa kuwa kiwanda hutengeneza maelfu na fundi hutengeneza kimoja. Sehemu kubwa ya kazi ya fundi ni kupima, kufunga chuma katika mashine, na kuandaa kielelezo. Kazi hiyo ni ile ile kwa kipande kimoja au vitano. Basi wenye matrekta ya namna moja na wafanye shauri pamoja. Watu watano wakiagiza bushi kumi kwa siku moja, kila mmoja hupata ya kufunga na ya akiba, tena kwa bei nafuu.

Kila kikundi kiwe na daftari. Humo uandikwe mchoro wa kila kipande kilichotengenezwa, vipimo vyake, chuma kilichotumika, jina la fundi, na siku kilipofungwa. Kikivunjika baada ya miezi miwili, daftari litasema. Kikidumu miaka mitano, litasema pia. Watu wa Uingereza na Marekani wapendao kuhifadhi matrekta ya kale hufanya vivyo hivyo: huweka michoro, hukubaliana idadi, na kuchongesha upya vipande ambavyo viwanda vimekwisha kuviacha. Wao huyatunza kwa furaha ya macho. Sisi twayahitaji kwa chakula. Basi sababu yetu ni kubwa kuliko yao.

Kabla ya kutoa fedha, pima faida. Je, injini na gieboksi zina afya ya kutosha kudumu kuliko kipuri hiki? Je, kuna la jamaa dukani? Je, sababu ya kuvunjika imeondolewa? Je, kikikatika kazini, kitamwumiza mtu? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, acha.

Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi, fundi ana nafasi na shamba halijaita. Mwezi wa Agosti au Septemba zunguka trekta lako na grisi mkononi, tikisa kila pini, sikiliza kila bushi, na uandike zichezazo. Kilicholika nusu kipimwe sasa, kingali na kipimo cha kusomeka. Pini ya akiba iliyofungwa katika kitambaa chenye mafuta na kuwekwa chini ya kiti cha dereva yaweza kuokoa siku tatu za masika, nazo siku tatu hizo ni magunia ya mpunga ghalani.